Chai ya Upande Mwembamba

Picha iliingia kwenye simu ya binti yangu asubuhi, mimi nikiwa natwanga pilipili. Xiaoman yumo katika kundi la wauza chai, watu wa Guangzhou, wa Kunming na wa huku kwetu milimani Yiwu, ambao kazi yao ni kujisifu mchana kutwa. Mtu mmoja wa Guangzhou alikuwa ametuma picha ya mkate wa chai ya puer ya zamani, wa mviringo kama chapati nene, ameuegemeza ukutani ili unene wake uonekane. Upande mmoja ulikuwa mnene kama kawaida. Upande wa pili ulikuwa mwembamba, na chini ya picha watu walikuwa hawana mbavu kwa kucheka.

"Aliyekanyaga jiwe hapa alikuwa mlevi," kaandika mmoja.

"Si mlevi, alikuwa anacheza dansi," kajibu mwingine.

Xiaoman alinionyesha ili na mimi nicheke. Nikamnyang'anya simu kwa mkono uleule wenye pilipili, nikaisogeza karibu na macho, nikaikodolea mpaka mwanga wake ukazimika. Akaiwasha tena.

"Washenzi hawa wanamcheka baba yako," nikasema.

"Mama, hii ni chai."

"Ni chai. Na aliyesimama juu yake ni baba yako."

Kwetu majani yakishalainishwa kwa mvuke hutiwa kwenye mfuko wa kitambaa, mfuko ukasokotwa, jiwe zito likalazwa juu, kisha mtu akapanda juu ya jiwe na kuyumba, kushoto, kulia, mpaka chai ilale bapa. Siku hizi wengi wana mashine. Wakati ule ilikuwa ni mwili tu, na mwili wa mtu ulibaki ndani ya chai yake. Mume wangu, Nie Shaoquan, alianguka mtini akiwa mtoto, mguu wa kushoto ukaunga vibaya, ukabaki mfupi. Uzito wake wote aliuweka kulia. Kila mkate aliokanyaga ulitoka hivyo, na wateja wakilalamika aliwaambia, "Anayetaka kilichonyooka akanunue rula."

Machipuko yale, yaliyokuwa ya mwisho kwake, alikanyaga chai nyingi kuliko mwaka wowote. Mzee mmoja wa Guangzhou, Mzee Mai, akaja pamoja na mvua za kwanza, akainunua yote. Hatukubakiza hata kipande. Nani alikuwa anaweka chai siku zile? Chai ilikuwa ya kuuza, na mwaka kesho ulikuwepo. Kabla mvua hazijakatika mlima uliporomokea barabara, na Shaoquan alikuwa barabarani. Xiaoman alikuwa mgongoni kwangu, hana hata jino.

Tangu hapo nimekuwa nikimzeesha mwenyewe kichwani. Xiaoman alipoanza shule nilimtia mvi mbili tatu hapa pembeni mwa masikio. Baadaye nikampa kitambi, maana alipenda sana nyama ya kukausha. Nikampa maumivu ya mgongo siku za baridi. Mwaka jana nilimfanya kiziwi wa sikio moja, ili nipate sababu ya kumpigia kelele. Tunagombana sana, mimi na yeye, hasa wakati wa kupika. Majirani wanadhani naongea na kuku.

Na nilijua kuwa huko ilikokuwa chai yake nayo inazeeka. Ndiyo kazi ya chai hii. Inaanza kijani, chungu, inakushika ulimi kama mtu mwenye kesi na wewe. Ukiipa hewa na miaka inatulia, inageuka nyekundu, inaingia harufu ya kafuri, ya kunazi kavu, ya mbao za nyumba ya babu. Nimekunywa chai za wanaume wengine zilizozeeka, nikawa nafumba macho na kujiuliza: yangu je? Hilo ndilo nililolitaka duniani, na sikutaka kingine. Kuionja chai ya Shaoquan ikiwa mzee, nijue angekuwa mzee wa namna gani. Nijue kama nilimzeesha sawasawa.

"Machipukizi ya chai yanafunguka baada ya wiki mbili," Xiaoman akasema, "na wewe unataka kwenda Guangzhou."

"Yatanisubiri."

"Mama, machipukizi hayasubiri mtu."

"Basi yaende zake."

Akatazama dari, akanitazama mimi, akaenda kukata tiketi. Ana kichwa kigumu, lakini anajua alikokitoa.

Safari ile siikumbuki vizuri. Treni iliingia mlimani, ikatoka, ikaingia tena, na kila ilipotoka nchi ilikuwa nyingine. Nililala nikaamka, nikalala nikaamka. Mara moja nilimwona Shaoquan amekaa kiti cha mbele, yule mzee wangu mwenye kitambi, anamenya mbegu za alizeti na kutupa maganda chini. Nikamkaripia. Mama mmoja aliyekuwa anapita kwenye ujia akaniomba radhi. Sikula kitu njia nzima.

Guangzhou tulikuta ukungu wa joto, ule wa mwishoni mwa baridi, ambapo hewa inalowa na kuta zinatoka jasho. Ngazi zilikuwa zinateleza. Vioo vya maduka vilitokwa na machozi kwa ndani. Katika soko la chai la Fangcun taa ziliwashwa mchana, na watu walitokea ukunguni na kupotea ukunguni, kila mmoja na mfuko wake wa chai, wala hakuna aliyekuwa na uso. Nilimshika Xiaoman mkono kama vile mimi ndiye mtoto.

Duka la Mai lilikuwa mwisho wa uchochoro. Mzee Mai mwenyewe alikuwa amefariki kipupwe kile. Tulimkuta mwanawe, Mai Jianbo, mtu mnene wa makamo, amevaa kandambili, anafuta ukuta kwa taulo.

"Shangazi! Kumbe umekuja kweli," akasema. "Mimi nilidhani binti yako ananitania kwenye simu."

"Wewe ndiye uliyemtangaza mume wangu ili achekwe?"

"Lo! Mimi sikucheka, shangazi. Nilitabasamu tu, tena kidogo."

"Meno yalionekana?"

"Mawili."

"Basi utanilipa mawili," nikasema, na Xiaoman akanifinya.

Akatukalisha kwenye meza ya chai, akatuletea taulo kavu, akaingia nyuma. Alirudi amebeba debe la bati kwa mikono yote miwili, akalitua polepole. Ndani yake kulikuwa na mikate, mmoja juu ya mwingine, yote imelalia upande mmoja, mnara mdogo ulioinama. Machozi yakanijia mara moja. Sikuyazuia, ya kazi gani kuyazuia?

Kisha nikaiona plastiki. Kwenye picha nilikuwa nimeuona ule mng'ao, nikajifanya sikuuona. Kila mkate ulikuwa ndani ya plastiki nene, iliyonyonywa hewa ikabana kabisa, na mdomo wake umechomwa kwa moto.

"Nani kafanya hivi?" nikauliza.

"Baba. Mwaka ule alipoileta, mto ulipanda, ghala la jirani likaota ukungu mpaka chai ikawa na manyoya. Baba hakulala. Akanunua mashine, akaziba kila kitu. Kama angepata mfuko wa kututosha angetuziba na sisi."

"Mwaka uleule?"

"Mwaka uleule." Akaacha kutabasamu. Mtoto wa muuza chai, alijua ninachouliza. "Hatujawahi kuufungua hata mmoja, shangazi. Uliozibwa una bei, uliofunguliwa una hadithi. Baba alikuwa anapita anagusa debe, basi. Pengine hewa ilipenya kidogo. Plastiki za zamani zile."

"Pengine," nikasema.

Xiaoman alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Kwani kuna nini?"

"Chai isiyopumua haizeeki," nikamwambia.

Maji yalikuwa yanaanza kuimba kwenye birika. Mai akapangusa meza isiyo na kitu.

"Kwetu sheria ni moja, shangazi, na sipendi kukuambia, lakini ndiyo hiyo. Ukivunja, umenunua. Ukiona bora urudi nyumbani na ndoto yako, hakuna atakayekulaumu. Tutakunywa chai nyingine, nitawapeleka mkale bata."

Nilikaribia kukubali. Nilimwona mzee wangu kule nyumbani, kitambi chake, sikio lake moja, ameketi jikoni ananingoja, na nikaogopa. Kama nisingevunja, angeendelea kuwepo. Lakini nilikuwa nimetoka mbali, na mkate ulikuwa mbele yangu, na upande wake mwembamba ulikuwa umenielekea.

"Vunja," nikasema.

Akakata plastiki kwa kisu. Hewa iliingia kwa mlio mdogo, kama mtu anayevuta pumzi. Akaifungua karatasi ya ndani, akaingiza sindano ya chai ubavuni, akabandua kipande bila kukisaga majani. Akanipa ninuse. Nilinusa nyasi zilizokauka juani, moshi wa jiko letu la zamani, na asali. Kafuri haikuwepo. Mbao za nyumba ya babu hazikuwepo. Nikamrudishia kipande.

Akakitia kwenye kikombe cha kifuniko, akamimina maji ya moto, akainua mkono ayamwage yale maji ya kwanza, ya kuiamshia chai, kama kila mtu anavyofanya.

"Usimwage!"

"Ni ya kuoshea, shangazi. Ina vumbi."

"Vumbi la nyumbani kwangu. Lete."

Akacheka, kisha alipoona uso wangu akaacha, akanimiminia. Nikagonga meza kwa vidole viwili kumshukuru, nikanywa vumbi langu. Halafu akamimina maji ya pili, na ya tatu, katika vikombe vyetu vyote. Rangi ilitoka ya manjano, safi kama jua la asubuhi kwenye karatasi ya dirisha. Chai ya umri ule ilitakiwa kuwa nyekundu kama tofali. Mai aliitazama akafumba macho.

Nikanywa.

Ilikuwa chungu. Ilinishika ulimi ikanivuta mashavu, kisha ikaachia, na utamu ukapanda kutoka kooni taratibu mpaka nikausikia puani. Nikanywa tena. Tumbo halikuwa na kitu, na chai ya namna hiyo hulevya. Vidole vikaanza kuwa vyepesi, masikio yakajaa mlio wa mbali. Ukungu ulikuwa umeingia dukani kupitia chini ya mlango. Kuta zilikuwa zinatiririka jasho. Nikasikia jiwe likiyumba juu ya sakafu ya mbao, kishindo kimoja kizito na kimoja chepesi, na nikajua niko wapi.

Nilikuwa kwenye ua wetu, mikeka imeanikwa majani, na yeye alikuwa juu ya jiwe. Hakuwa na kitambi. Hakuwa na mvi. Alikuwa na shingo nyembamba na masikio makubwa ambayo nilikuwa nimeyasahau kabisa, na jasho limemlowesha shati mgongoni, na alikuwa anaimba vibaya. Mungu wangu, jinsi alivyokuwa mdogo. Kijana mtupu. Mtu ambaye ningemtuma dukani. Nikamkaribia nimwite, naye akageuka, akaniona. Akashuka jiweni kwa heshima, akiutanguliza ule mguu mzima, akanisogezea kigoda.

"Karibu, mama," akaniambia. "Umepotea njia?"

Nikatazama mikono yangu. Ilikuwa hii hii ya sasa, yenye mishipa na madoa. Nilitaka kumwambia ni mimi, Yunzhi, mke wako, lakini niliona haya. Niliona haya kama msichana. Aliingia ndani kunitafutia maji ya kunywa, na nikasikia mtoto analia huko ndani, na sauti yangu ya zamani ikimbembeleza.

"Mama," Xiaoman alikuwa ananitikisa bega. "Mama, kula biskuti. Umelewa."

Nikala biskuti. Nililia nayo mdomoni, makombo yakaanguka mezani, na Mai akajifanya anatafuta kitu chini ya rafu.

"Siyo yeye?" Xiaoman akauliza polepole.

"Ni yeye. Ndiyo shida. Ni yeye vilevile." Nikajifuta kwa taulo la ukutani. "Mimi miaka yote hii nazeeka naye, kumbe nazeeka peke yangu. Yeye amekaa humu kwenye mfuko na ujana wake. Hata hanijui!"

Mai akarudi mezani. Hakuwa na utani tena. "Shangazi, sheria naivunja mimi, sikuuzii. Rudisha tu, nitasema uliniponyoka mkononi. Baba yangu aliwaharibia."

"Hakuharibu kitu. Alihifadhi. Nitanunua, nilisema vunja." Nikamtazama, na kusema kweli nilimwonea huruma, maana na yeye alikuwa ameonja kile ambacho baba yake alikilinda. "Hiyo mingine ifungulie, mwanangu. Iache ipumue. Hujachelewa, wewe bado mtoto."

Xiaoman hakuwa anatusikiliza. Alikuwa amejimiminia kikombe kingine, na kingine. Alikunywa ameinamia meza, amekishika kikombe kwa mikono miwili. Yeye amemzidi umri baba yake sasa. Nilikuwa sijawahi kulifikiria jambo hilo mpaka nilipowaona wawili hao pamoja kwenye meza moja.

"Alikuwa hivi?" akauliza.

"Hivi hivi. Unamnunia kwanza, halafu baadaye, umeshaondoka, ndiyo unaukumbuka utamu wake."

Akacheka kidogo, akanywa tena.

Mai alileta mashine kutoka nyuma, ileile ya baba yake, nzito, rangi imebanduka, akaichomeka ukutani. Taa yake nyekundu ikawaka. "Basi angalau nikuzibie tena," akasema. "Nikiuziba leo utabaki hivi. Ukiufungua baada ya miaka kumi, ni huyu huyu."

Mkono wangu ulikuwa juu ya mkate, upande ule mwembamba. Nilifikiri jinsi itakavyokuwa. Kila machipuko ningekata plastiki, nikabandua kipande kidogo, nikaingia kwenye ua ule, yuko juu ya jiwe, anaimba vibaya. Kila mwaka yeye yuleyule, mimi kila mwaka mzee zaidi. Angenisogezea kigoda na kuniita mama, baadaye angeniita bibi. Na bado nilitaka. Nilitaka sana.

"Ziba," Xiaoman akasema.

Nikamtazama. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama, mimi leo ndiyo nimemwona. Mwaache aendelee kuwa hivi. Ukiupeleka nyumbani bila plastiki ladha hii itapotea, haitarudi tena."

"Itapotea, ndiyo. Itakuja nyingine."

"Lini? Miaka ishirini? Thelathini?" Sauti ikampanda. "Hutakuwepo wewe!"

Aliposema hivyo akajiziba mdomo kwa mkono. Mai akainamisha kichwa. Lakini mimi sikukasirika, kwa kweli nilihisi kitu kimelegea kifuani, kitu ambacho kilikuwa kimekaza tangu siku ile ya mlima.

"Sitakuwepo," nikasema. "Utakuwepo wewe. Mimi nilipewa kijana, Xiaoman, nilikaa naye, nilimnunia, nilimlisha. Sehemu yangu nimeipata. Wewe hukupata kitu. Baba za wenzako wamezeeka, wanakohoa, wanasumbua watu na masharti yao. Na wako azeeke. Atazeekea kwako, wewe ndiye utakayemjua."

Nikauzungushia mkate karatasi yake ya zamani, karatasi tu, nikausukuma mezani mpaka ukamgusa vidole.

Xiaoman hakuuchukua mara moja. Nje kulikuwa na mtu anasukuma mkokoteni wa chai, magurudumu yakilia kwenye maji. Kisha akaweka viganja vyake viwili juu ya karatasi, akainama mpaka uso ukaugusa, na akasema, "Baba," polepole, kama mtu anayejaribu neno la ugenini, maana tangu azaliwe hakuwa amemwita mtu yeyote hivyo.

Mai akachomoa waya wa mashine, akaenda kusimama mlangoni, akatugeuzia mgongo.